Sindano za misuli: Faida huonekana kifuani, deni hukaa ndani

KWA miaka ya karibuni kumezuka mtindo mpya miongoni mwa vijana wetu wa ukanda huu wa Rwenzori, kuanzia Kasese mjini, huku kwetu Maliba, hadi Bwera na Mpondwe mpakani. Ni mtindo wa kutunisha misuli. Karibu kila kituo cha biashara sasa kina kibanda cha mazoezi. Vingine vina vyuma vya kununua, vingine vina makopo ya rangi yaliyojazwa saruji na kuunganishwa kwa bomba la maji. Ikifika jioni, vijana hujaa humo.

Kwa hilo peke yake sina ugomvi na mtu. Kijana anayeinua chuma saa kumi na mbili jioni hayuko kwenye waragi wala kwenye kamari. Mazoezi ya nguvu hujenga mifupa, husaidia moyo na hupunguza sukari kwenye damu. Tatizo ni kile kilichofuata nyuma ya vyuma: makopo ya unga yenye picha za majitu, vidonge vinavyouzwa bila karatasi, na vichupa vya mafuta ya njano vinavyodungwa takoni.

Pamoja na vichupa hivyo husafiri picha mbili za mtu yuleyule. Moja alipigwa kabla ya kuanza, nyingine baada ya wiki 12. Ya kwanza ina kijana mwembamba aliyeinamisha mabega. Ya pili ina kifua, mikono na shingo. Picha hizo ndizo zinazouza.

Hoja yangu leo ni kwamba picha hizo si lazima ziwe za uongo, lakini ni nusu ya hesabu. Nusu ya pili haipigwi picha, na mara nyingi hulipwa na mtu ambaye hajawahi kukanyaga jimu.

Mimi ni mwalimu hapa Maliba. Kama wengi wenu mnaosoma ukurasa huu, nilisomea ukimbizini. Wazazi wangu walivuka kwenda Kongo wakati ikiitwa Zaire, nami nikafundishwa hesabu na elimu ya viumbe kwa Kifaransa huko Beni na Butembo, kisha nikarudi nyumbani nikiwa mtu mzima. Kifaransa hicho ndicho kilichonifanya niwe msomaji wa karatasi za dawa kijijini. Dawa iliyovuka Kasindi mara nyingi huja na maelezo ya Kifaransa, iliyotoka Kampala huja na Kiingereza, na nyingine huja na herufi ambazo hakuna hata mmoja wetu anayezijua. Mtu hubisha hodi na kusema, "Mwalimu, hebu nisomee hapa." Zamani zilikuwa karatasi za dawa za malaria na za mbuzi. Siku hizi ni za misuli.

Katika kusoma huko nimejifunza kwamba watu huita kila kitu kwa jina moja, "dawa ya mwili", wakati vitu vyenyewe ni tofauti kabisa. Unga wa protini ni chakula, kama maziwa yaliyokaushwa. Kreatini imechunguzwa kwa miaka mingi, na kwa mtu mwenye figo nzima, kwa kiasi kinachoshauriwa, haina matata makubwa. Lakini kichupa chenye testosteroni si chakula. Ni homoni, na homoni ni amri inayopelekwa kwa viungo vya mwili.

TUSIDANGANYANE, INAFANYA KAZI

Wako wanaowatisha vijana kwa kusema kwamba dawa hizi hazifanyi lolote. Huo ni uongo, na kijana akishagundua kwamba umemdanganya katika hilo, hatakusikiliza tena katika lingine.

Katika lugha ya jimu, "mzunguko" ni kipindi cha wiki kadhaa, aghalabu 8 hadi 16, ambacho mtu hutumia dawa, kisha huacha, kisha huanza tena. Dawa kubwa ni testosteroni, ambayo kila mwanamume hujitengenezea mwilini, pamoja na ndugu zake waliotengenezwa maabara. Zote kwa pamoja huitwa steroidi za kujenga mwili.

Mwaka 1996 madaktari wa Los Angeles, Marekani, walichapisha matokeo ya jaribio lililofanywa kwa wanaume 43 wenye afya waliozoea kuinua vyuma. Waliwagawa makundi manne. Wengine walidungwa miligramu 600 za testosteroni kila wiki kwa wiki 10, wengine walidungwa sindano isiyo na dawa. Katika kila upande, nusu walifanya mazoezi na nusu walikaa tu.

Waliofanya mazoezi bila dawa waliongeza karibu kilo 2 za mwili usio mafuta. Waliodungwa dawa na kukaa tu waliongeza kilo 3.2. Waliodungwa na kufanya mazoezi waliongeza kilo 6.1. Kwa maneno mengine, aliyekaa na sindano alimshinda aliyetoka jasho bila sindano. Kijana wa Bwera anayeona mwenzake akinenepa shingo kwa miezi mitatu haoni mazingaombwe. Anaona kitu ambacho wanasayansi walikwisha kukipima.

Hata hivyo, jaribio lile lilikuwa na madaktari, dawa iliyojulikana, chakula kilichopimwa, na mwisho uliopangwa. Jimu za mitaani hazina hata kimoja. Huko Uholanzi, watafiti waliowafuatilia watunisha misuli 100 wa ridhaa katika mizunguko yao walikuta kwamba wastani wa dozi, kwa kufuata maandishi ya chupa, ulikuwa karibu miligramu 900 kwa wiki. Hiyo ni mara moja na nusu ya ile ya Los Angeles, na hapakuwa na daktari aliyeiandika.

DUKA LA MWILI LIKIFUNGWA

Wafanyabiashara wenzangu wa mpakani wataelewa jambo hili haraka kuliko wanafunzi wangu.

Mwenye duka kabla ya kuagiza mzigo huchungulia ghalani. Akikuta magunia yamejaa, haagizi. Ubongo nao una tezi ndogo inayofanya kazi hiyo hiyo. Huchungulia damu, na ikikuta testosteroni imepungua, hupeleka amri kwa korodani zitengeneze zaidi. Ikikuta imejaa, hunyamaza.

Sasa kijana anapojidunga, damu hujaa homoni ya kununua. Tezi huchungulia, huona ghala limefurika, na husitisha amri zote. Korodani hukaa bila kazi. Huanza kusinyaa, na kazi yao nyingine, ya kutengeneza mbegu za kiume, nayo husimama. Mzunguko ukiisha na chupa ikikauka, ghala linabaki tupu huku wafanyakazi walikwisha kwenda makwao. Hapo ndipo kijana aliyekuwa simba wa jimu huanza kulala mchana, kukosa hamu ya mke, kukasirika bila sababu na kuona kifua kikiyeyuka. Ili asione hayo, huanza mzunguko mwingine. Ndivyo mkopo wa kwanza unavyolipwa kwa mkopo wa pili.

Si nadharia tu. Mwaka 1990 Shirika la Afya Duniani lilichapisha matokeo ya jaribio la kutumia testosteroni kama njia ya uzazi wa mpango kwa wanaume. Naomba msomaji aisome sentensi hiyo mara mbili. Dawa ambayo vijana wetu wanaamini inaongeza uanaume ndiyo iliyojaribiwa ili mwanamume asizalishe. Wanaume 271 katika nchi saba walidungwa miligramu 200 kwa wiki. Kati yao 157 mbegu zao zilifika sifuri, na katika mwaka mzima waliotegemea sindano hiyo peke yake, ilipatikana mimba moja tu. Miligramu 200! Kijana wa jimu hutumia mara tatu au nne ya hizo.

Nieleze kisa kimoja, kwa ruhusa ya mwenyewe, bila jina wala kijiji. Ni kijana mbeba mizigo, aliyekulia Kongo kama mimi. Alifanya mizunguko mitatu kwa miaka miwili. Alinenepa kweli, akaacha magunia, akapata kazi ya ubaunsa kwenye baa. Akaoa. Mwaka wa kwanza ukapita bila mtoto, na wa pili ukapita. Kwetu sisi mnajua maneno huanzia wapi. Mke alipelekwa kwa waganga wa mitishamba, akanyweshwa mizizi, akaitwa gumba kwenye sherehe za watu. Mama mkwe alikwisha kuanza kumtafutia mwanawe mke wa pili. Nani angemshuku mwanamume mwenye kifua kama kile?

Ni muuguzi mmoja tu, walipofika hospitali, aliyesema kwamba hawezi kumpima mke peke yake. Mume akapimwa. Mbegu hazikuonekana hata moja. Alipoulizwa kama anatumia dawa yoyote, alijibu hapana, kwa kuwa hakuhesabu sindano za jimu kuwa dawa. Baadaye ndipo aliponiletea karatasi ya kichupa nimsomee, na mle ndani, kwa Kifaransa, ilikuwa imeandikwa wazi kwamba dawa hiyo hupunguza mbegu za kiume. Miaka miwili mke alibeba aibu iliyokuwa imeandikwa kwenye karatasi ambayo hakuna aliyeisoma.

Nisimwache msomaji bila tumaini. Kwa wanaume wengi mbegu hurudi baada ya kuacha, kama zilivyorudi kwa wale wa jaribio la 1990. Lakini hazirudi kwa wiki moja. Huchukua miezi, na kwa aliyetumia kwa muda mrefu zinaweza kuchukua mwaka au zaidi, na wengine huhitaji tiba ya daktari. Kwa hiyo, mama mkwe mwenye haraka na asubiri, na mwana aende akapimwe.

MOYO HAUONEKANI KWENYE KIOO

Kuna msuli mmoja ambao hakuna anayeutunishia kifua, nao ni moyo. Steroidi hazichagui misuli ya kukuza. Huunenepesha moyo, huongeza uzito wa damu, hupandisha shinikizo na huharibu uwiano wa mafuta kwenye damu.

Mwaka 2017 watafiti wa Marekani walichapisha vipimo vya moyo vya wanaume 140 wanaoinua vyuma. 86 kati yao walitumia steroidi kwa miaka na 54 hawakutumia. Moyo unapojaza damu na kuisukuma, husukuma sehemu tu ya iliyomo. Kwa wasiotumia dawa, wastani wa sehemu hiyo ulikuwa asilimia 63. Kwa watumiaji ulikuwa asilimia 52. Wote walikuwa na vifua vipana, na kwa macho usingewatofautisha upande ulio na pampu dhaifu.

Denmark wana utaratibu wa kupima dawa hata katika jimu za kawaida. Watafiti wa huko waliwafuatilia wanaume 1,189 waliokutwa na hatia ya kutumia steroidi, wakawalinganisha na wanaume wengine wa umri huo huo. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2024 yalionyesha kwamba hatari ya kufa kwa watumiaji ilikuwa karibu mara tatu.

Mei 2025 watafiti wakiongozwa na Chuo Kikuu cha Padova, Italia, walichapisha hesabu ya watunisha misuli wa kiume 20,286 waliowahi kushindana kati ya 2005 na 2020. Walithibitisha vifo 121, na wastani wa umri wa waliokufa ulikuwa miaka 45. Asilimia 38 ya vifo hivyo vilikuwa vya moyo kusimama ghafla. Wa kulipwa walikuwa na hatari ya kifo hicho cha ghafla zaidi ya mara tano ya wa ridhaa. Watafiti hawakusema kila aliyekufa alitumia dawa. Kujikausha maji na kula kwa kujinyima kabla ya mashindano navyo vinaua. Andreas Münzer wa Austria, aliyesifiwa kwa mwili usio na tone la mafuta, alifariki Machi 1996 akiwa na miaka 31, viungo vyake vya ndani vikiwa vimeshindwa kimoja baada ya kingine.

Habari za kujikausha maji zinanipeleka kwa jirani zetu wa Kenya, maana dawa ni zile zile. Oktoba 2024 Ruth Chepngetich alikuwa mwanamke wa kwanza duniani kukimbia marathoni chini ya saa 2 na dakika 10, alipomaliza Chicago kwa saa 2:09:56. Machi 2025 alichukuliwa kipimo kikakutwa na haidroklorothiazidi. Hiyo ni dawa ya kutoa maji mwilini wanayoandikiwa wagonjwa wa presha. Watunisha misuli huitumia kujikausha kabla ya kupanda jukwaani, na michezoni imepigwa marufuku kwa kuwa inaweza kuficha dawa nyingine kwenye mkojo. Alieleza kwamba aliugua akanywa dawa ya mfanyakazi wake wa nyumbani. Oktoba 2025 alifungiwa miaka 3.

Tusibishane hapa kuhusu kisa chake. Kanuni ni hii: kilichokutwa ndani ya mwili wako ni chako, ujue jina lake usijue. Ikiwa mkimbiaji mwenye makocha na mawakili amebanwa na kanuni hiyo, mbeba mizigo wa Mpondwe atajitetea na nani mbele ya ini lake mwenyewe?

MZIGO USIOJUA KILICHOMO

Sasa nizungumze na ndugu zangu wafanyabiashara, maana bila wao kichupa hakifiki Maliba.

Mfanyabiashara huijua bidhaa yake. Muuza maharage huyatia mkononi, muuza kahawa huinusa, muuza kitenge hukikunja aone rangi kama inatoka. Lakini anayevusha kichupa cha steroidi hana namna ya kuijua bidhaa yake. Mwaka 2022 wanasayansi walikusanya matokeo ya tafiti mbalimbali zilizopima steroidi za soko la magendo, jumla ya sampuli zaidi ya 5,000. Kwa wastani, zaidi ya theluthi zilikuwa bandia, na zaidi ya theluthi nyingine zilikuwa chini ya kiwango. Maana yake, anayenunua chupa tatu anaweza kupata moja tu iliyo kama ilivyoandikwa. Na hayo ni masoko ambayo dawa haikukaa juani kutwa nzima juu ya pikipiki.

Wala si vichupa pekee. Mwishoni mwa 2018 Mamlaka ya Taifa ya Dawa ya Uganda, NDA, ilipata malalamiko ya mtu aliyekunywa kinywaji cha kuongeza nguvu kiitwacho Natural Power SX, kilichotengenezwa Zambia. Alikuwa akitokwa jasho mfululizo, na uume ulisimama kwa saa sita. Vipimo vilikuta ndani ya kopo hilo sildenafili, dawa ya nguvu za kiume inayotakiwa kuandikwa na daktari. Wazambia nao walipima wakakuta hivyo hivyo, na kinywaji kikaondolewa sokoni mwaka 2019. Kopo lilionekana kama soda. Mtu mwenye ugonjwa wa moyo anayetumia dawa zake angekunywa soda hiyo, presha ingeshuka ghafla, na msiba wake ungeitwa uchawi.

Na akina mama wasidhani hadithi hii ni ya wanaume. Katika vikapu hivyo hivyo hupita vidonge vya kunenepesha, vya kuongeza nyonga na mashavu. Huko Kinshasa matumizi ya deksamethasoni na siproheptadini kwa ajili ya kunenepa yamechunguzwa na kuandikwa na madaktari wa huko. Deksamethasoni nayo hufunga duka, ila ni duka jingine, la tezi zilizo juu ya figo. Hupandisha sukari na presha, hulainisha mifupa. Na aliyeitumia kwa muda mrefu asiiache kwa siku moja, kwani mwili usio na homoni yake wala ya kununua unaweza kuzimia na kufa. Amwone mhudumu wa afya ampunguzie kidogo kidogo.

Kongo ilipoingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022 tulishangilia, na tulikuwa na haki. Sisi tulioishi pande zote mbili tunajua gharama ya mpaka. Lakini soko la pamoja la maharage si soko la pamoja la dawa. Uganda dawa husimamiwa na NDA kwa sheria ya mwaka 1993, inayotaka muuzaji wa dawa awe na leseni. Kongo wana mamlaka yao, ACOREP. Dawa isiyosajiliwa haina ushuru utakaoulipa ukaondoka nayo. Ikikamatwa imekwenda, na mtaji nao umekwenda, na mwenyewe huenda akaifuata.

Najua jibu lenu. "Mwalimu, sisi hatumlazimishi mtu kununua." Ni kweli. Lakini anayekuuliza, "Hii ina madhara gani?" umemjibu nini? Kama hukusoma karatasi, hukumuuzia dawa. Umemuuzia bahati nasibu. Tena sindano yenyewe huzunguka mikononi, mmoja akimdunga mwenzake kwa kuona aibu kwenda kwa muuguzi. Sindano moja kwa vijana wawili ni njia ya Ukimwi na ya homa ya ini, hata kama ndani ya chupa mlikuwa na mafuta matupu ya kula.

MTAJI WA ASIYE NA SHAMBA

Hata hivyo, lawama peke yake haitatusaidia. Lazima tujiulize kwa nini kijana anayejua kuhesabu faida na hasara ya gunia la kahawa anashindwa kuhesabu ya mwili wake.

Sisi tuliorudi tunaijua sababu. Umerudi, ukakuta shamba la babu limegawanywa mara tatu na waliobaki. Cheti chako cha Kongo ofisini hakieleweki. Kiingereza chako kinachekwa. Unachoweza kuuza asubuhi ya kesho ni mgongo wako, na bei ya mgongo hupangwa kwa macho. Mwenye lori huchagua mwenye mabega. Mwenye baa huchagua mwenye shingo. Wakala wa kazi za ulinzi huko Ghuba hutaka kijana wa kimo na kifua. Kwa kijana huyo, sindano si anasa ya kujipendezesha. Ni mtaji, kama mwingine anavyokopa anunue pikipiki.

Kwa hiyo nimjibu kwa lugha ya mtaji. Pikipiki ya mkopo ukishindwa kuilipa, huchukuliwa pikipiki. Hapa kinachochukuliwa ni figo, uzazi au moyo. Wiki 12 zimekupa kifua, lakini kifua hicho hakibaki bila sindano nyingine, kwa hiyo mshahara wa ubaunsa unarudi kwenye chupa. Na wale wa kazi za Ghuba kabla ya kukuona kifua watakupima damu. Ini lililochoshwa na vidonge litakurudisha Kasese na deni la wakala.

Njia nyingine ipo, ila ni ya polepole. Wale wa Los Angeles waliofanya mazoezi bila dawa walipata karibu kilo 2 kwa wiki 10, nao walikuwa wazoefu. Anayeanza hupata kwa urahisi zaidi, mradi ale. Mapitio ya tafiti 49 yaliyochapishwa mwaka 2018 yalionyesha kwamba gramu 1.6 za protini kwa kila kilo ya uzito kwa siku zinatosha, na kuzidisha hapo hakuongezi misuli kwa maana. Kijana wa kilo 70 anahitaji kama gramu 112. Bundu kwa sombe peke yake haitafika huko. Lakini ongeza maharage, karanga, mayai, samaki wa Ziwa Edward au George, na utafika bila kopo lenye picha ya jitu. Fedha ya kichupa kimoja inanunua mayai mengi.

Wenye jimu nao wana sehemu yao. Jimu ikikataza sindano ndani ya kibanda chake na ikaacha kutundika picha za miujiza, itakuwa imefanya kazi kuliko mikutano kumi. Wahudumu wa afya nao, Bwera, Kagando na kwingineko, wawaulize vijana swali la jimu waziwazi na bila kuwakaripia. Aliyekaripiwa mara moja atasema uongo mara ya pili, na daktari atatibu ugonjwa usiokuwepo.

Nawe kijana uliye katikati ya mzunguko hivi sasa, usijifiche. Nenda ukapimwe presha, damu na ini. Beba kichupa chenyewe mkononi, umwonyeshe mhudumu. Ukiwa umeoa na mtoto hajapatikana, mwambie mkeo ukweli leo, kabla hajanyweshwa mizizi mingine. Na wewe mwenye duka, bidhaa ambayo huwezi kumsomea mteja karatasi yake, iache upande wa pili wa mto.

Mwandishi wa makala haya ni mwalimu katika eneo la Maliba, wilaya ya Kasese.